Kufiwa Bila Jamvi: Msiba wa Wapendanao wa Jinsia Moja katika Filamu Fupi, Ukitazamwa kutoka Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika Kiswahili mauti hayakomi kwa yule aliyekufa. Kitenzi kufa kikinyambuliwa huzaa kufia, na kufia kikipokea kiambishi cha kutendwa huzaa kufiwa. Kutokana na hicho hupatikana nomino mfiwa, yaani mtu ambaye kifo cha mwingine kimemfika yeye. Wanafunzi wa sarufi huuzoea mfano huu mapema mno, wakauhesabu kuwa ni kielelezo chepesi cha mnyambuliko, kisha wakapita. Hata hivyo, neno mfiwa lina jambo moja linalostahili kuangaliwa kwa makini: halitaji nasaba. Halisemi kwamba mfiwa ni mke, wala mwana, wala ndugu wa tumbo moja. Linasema tu kwamba mtu amekufa na kifo hicho kimeangukia mtu mwingine. Nasaba huongezwa baadaye na jamaa, na kadhi, na hakimu, na wakati mwingine na bodi inayokagua filamu.

Mhadhara huu unahusu pengo lililopo baina ya upana wa neno hilo na ufinyu wa mahali anapoketishwa mfiwa, hasa pale ambapo aliyefariki na aliyebaki walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Pengo hilo linachunguzwa kwa njia ya sanaa moja, nayo ni filamu fupi ya watayarishaji huru, yaani filamu isiyotegemea kampuni kubwa wala fedha za serikali. Visa vyenyewe vya filamu vilivyo mashuhuri vimetokea Nairobi na Kampala. Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Kilwa Kivinje hadi mji wa Lindi, imechaguliwa kuwa mahali pa kuvitazamia kwa sababu mbili. Kwanza, desturi za msiba za pwani hiyo zimebeba ndani yake karibu kila kitu ambacho mwongozaji wa filamu ya aina hii hukitafuta. Pili, ni pwani iliyomzaa mwandishi wa tamthilia aliyeuliza, kabla ya mtengenezaji yeyote wa filamu, swali la nani mwenye haki juu ya maiti.

Inafaa kuanza na jamvi. Katika miji ya Kiislamu ya pwani hiyo, mtu akifariki alfajiri, kwa kawaida huwa amezikwa kabla ya jua kuchwa. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa, kisha jeneza huchukuliwa na wanaume mpaka makaburini, ambako mwili hulazwa katika mwanandani. Wanawake hubaki nyumbani. Ubani hukusanywa, hitima husomwa, matanga hukaliwa kwa siku tatu, kisha huondolewa. Yote hayo yana mpango, na kila mtu anajua pake. Filamu fupi, ambayo kwa kipimo cha Akademia ya Filamu ya Marekani haipaswi kuzidi dakika 40, hukutana hapa na kisa ambacho tayari kimejifunga chenyewe: siku moja, nyumba moja, njia moja ya kwenda makaburini. Haina haja ya kubuni muundo.

Lakini mpango huo una kinaya ambacho wachunguzi wa jamii ya pwani hawajakipa uzito wa kutosha. Wanaume huoshwa na wanaume, na wanawake huoshwa na wanawake, isipokuwa kwa mume na mke, ambao fikihi huwaruhusu kuoshana. Kwa sababu hiyo, mwanamume aliyekuwa na mpenzi wa kike nje ya ndoa hawezi kamwe kuugusa mwili wake baada ya kufa. Mlango umefungwa kabisa. Mwanamume aliyekuwa na mpenzi wa kiume anaweza kuitwa kusaidia kuosha, anaweza kushika ubavu wa jeneza, anaweza hata kuteremka kaburini kuupokea mwili. Utengano wa jinsia, ambao watu wengi hudhani kwamba humtupa nje mtu wa aina hii, ndio unaomweka karibu zaidi na marehemu kuliko mpenzi mwingine yeyote asiye na cheti. Anachonyimwa si ukaribu. Anachonyimwa ni jina la ukaribu huo. Katika njia ya makaburini wanaume hupokezana jeneza, kila mmoja akitaka apate thawabu ya hatua chache, na yeye hupewa hatua zake chache sawasawa na jirani wa mtaa wa pili, kisha bega lake huondolewa ili mwingine aingie. Mwongozaji anayeijua desturi hii hahitaji kuandika maneno ya mazungumzo katika onyesho hilo. Kamera ikikaa nyuma ya bega, ikaona linavyong'ang'ania kwa kitambo kifupi kuliko inavyotarajiwa, mtazamaji wa Kivinje ataelewa.

Kwa upande wa wanawake mambo ni tofauti, na tofauti yenyewe imo katika neno moja. Shoga, kwa matumizi ya zamani ya pwani, ni rafiki mwandani wa mwanamke, na uhusiano huo una heshima yake: shoga huonekana harusini, huonekana ukumbini, na huonekana msibani. Mwanamke aliyefiwa na mwanamke aliyempenda huketi ndani miongoni mwa mashoga wa marehemu, na hakuna anayemuuliza. Ameketi juu ya jamvi kwa jina ambalo ni la kweli lakini halitoshi. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tusi, na badala ya kumpa nafasi humwondoa. Uchunguzi wa Gill Shepherd juu ya Mombasa, uliochapishwa mwaka 1987, na wa Deborah Amory juu ya pwani ya Afrika Mashariki, uliochapishwa mwaka 1998, ulikwisha kuonyesha kwamba msamiati wa pwani katika uwanja huu ni wa zamani na si wa kuazima jana. Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha ni namna msamiati huo unavyofanya kazi siku ya kifo, siku ambayo maneno hupimwa kwa nafasi ya kukaa.

Aidha, kuna suala la muda. Mke aliyefiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Katika muda huo pwani humwita kizuka. Huvaa kwa namna inayojulikana, hatoki ovyo, na kila anayeingia nyumbani mwake anajua azungumze nini na anyamaze wapi. Mwanamume aliyefiwa na mke, ambaye kamusi humwita mgane, hana eda, lakini ana watu wa kumwambia pole. Eda yaweza kuonekana kuwa mzigo, na wako wanaoipinga kwa hoja nzito. Hata hivyo, kwa mtu aliyenyimwa kila kitu, eda ni kalenda. Huambia huzuni ianze lini na itoke nje lini. Mfiwa asiye na jina hurudi kazini kesho yake, kwenye mashua, sokoni, au darasani, na hakuna siku ya 130 inayomsubiri. Filamu fupi nyingi za msiba duniani hushindwa hapa, kwa kuwa hutaka kumaliza huzuni pamoja na filamu. Ile inayoijua eda itajua pia kwamba kisa chake ni cha mtu ambaye huzuni yake haikupewa tarehe.

Kabla ya kwenda Nairobi inapasa kupita kwa Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943. Wanafunzi wengi humjua kwa Kinjeketile ya mwaka 1969, tamthilia inayohusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika milima ya Matumbi, bara ya Kilwa, mwaka 1905. Tamthilia inayohusika na mada hii ni nyingine, Kwenye Ukingo wa Thim ya mwaka 1988. Kiini chake ni kesi ya kweli ya Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi; ukoo wa mumewe, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, na mwezi Mei 1987 ukoo ukashinda. Marehemu alizikwa Siaya tarehe 23 Mei, takriban miezi mitano baada ya kufa, na mjane hakuhudhuria.

Wahakiki wameisoma tamthilia hiyo kama mgongano wa mila na usasa, au wa kabila na taifa, na usomaji huo una haki yake. Lakini ukiisoma kutoka Lindi unaona jambo jingine. Bara ya Lindi ni nchi ya Wamwera, Wamakonde na Wayao, jamii ambazo kwa asili zilihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa katika msiba na katika mirathi. Huko mume au mke, hata akiwa wa halali, alikuwa kwa kiasi fulani mgeni katika kifo cha mwenzake. Mwandishi aliyekulia katika eneo lenye desturi kama hizo pembeni mwa sheria ya Kiislamu hakuhitaji kusafiri mbali ili aelewe kwamba kupenda na kuwa na haki ya kuzika ni mambo mawili tofauti. Na kama mjane mwenye cheti, mwenye watoto, mwenye mawakili, aliweza kushindwa mahakamani, basi ni dhahiri hali ya yule ambaye hawezi hata kusimama mbele ya hakimu na kusema yeye ni nani kwa marehemu. Hussein hakuandika juu ya mapenzi ya jinsia moja, na si haki kumtwika. Alichofanya ni kulifungua swali, na swali likifunguliwa halichagui nani aingie.

Kisa cha Kampala kililileta swali hilohilo mbele ya kamera bila maandalizi. David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za mashoga na wasagaji nchini Uganda, aliuawa nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011, miezi michache baada ya gazeti moja la Kampala kuchapisha picha yake pamoja na za wengine na kutaka wanyongwe. Waongozaji Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall walikuwa tayari wanamrekodi kwa ajili ya filamu ya maisha yake. Filamu iliyokusudiwa kuwa habari za mtu hai ikageuka kuwa filamu ya matanga. Katika mazishi, mchungaji aliyesimama kuhubiri aliwashambulia waombolezaji kwa maneno, vurugu zikazuka, wanakijiji wakakataa kulizika jeneza, na marafiki zake wakalichukua wenyewe. Askofu Christopher Senyonjo ndiye aliyewaombea. Call Me Kuchu ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2012 na ikapata tuzo ya Teddy ya filamu bora ya kumbukumbu ya hali halisi.

Filamu hiyo si fupi, na haikutengenezwa na Waafrika Mashariki, jambo ambalo lazima lisemwe. Pamoja na hayo, inafundisha kitu kimoja kikubwa juu ya msiba wa namna hii: kwamba unaweza kunyang'anywa ukiwa katikati. Marafiki wa Kato hawakuzuiwa kufika. Walizuiwa kuomboleza wakiwa wamefika. Jamvi lilivutwa chini yao.

Nairobi ilichukua njia nyingine. Kundi la wasanii liitwalo The Nest lilianza mwaka 2013 kukusanya simulizi za watu wa aina hii kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, wakiwa na nia ya kuhifadhi sauti. Kutokana na sauti hizo zilitoka filamu fupi tano zilizounganishwa kuwa moja, Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu na kuonyeshwa Toronto mwezi Septemba 2014. Picha zake hazina rangi ila nyeusi na nyeupe. Waigizaji wanasema maneno ambayo wenyewe hawakuyaishi. Wenye simulizi hawaonekani. Watayarishaji nao walikuwa wameficha majina yao mpaka walipofika Toronto, ambako watatu kati yao walijitokeza. Mwezi uliofuata Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliikataa filamu hiyo, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga picha bila leseni, mashtaka ambayo baadaye yaliondolewa.

Miongoni mwa fupi hizo tano, Athman ndiyo inayoigusa mada hii kwa karibu zaidi, ingawa hakuna anayekufa ndani yake. Ni kisa cha wafanyakazi wawili wa shambani, marafiki wa miaka, na upendo wa mmoja usiopokelewa na mwenzake. Kinachopotea ni urafiki wenyewe. Huo ni msiba usio na maiti, na kwa hiyo usio na hata matumaini ya hitima.

Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, ni filamu ndefu na haihusu kifo, lakini historia yake inatoa maana ambayo mtengenezaji wa filamu ya msiba hapaswi kuipuuza. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes, na mwezi Aprili wa mwaka huohuo ikapigwa marufuku nyumbani. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watu wakajaa katika majumba ya sinema. Mwaka 2020 mahakama hiyo ikalikataa shauri la kuiondoa kabisa.

Hapa Kiswahili kinasaidia kutofautisha mambo ambayo mjadala wa magazeti uliyachanganya. Kilichotakiwa na bodi hakikuwa majonzi. Kilikuwa majuto. Majonzi humwelekea aliyepotea. Majuto huyaelekea matendo ya aliyebaki. Mkaguzi wa filamu anaweza kuvumilia, hata kufurahia, mhusika wa aina hii anayelia mwishoni, mradi alie kwa kujutia alivyoishi. Asichoweza kuvumilia ni mhusika anayelia kwa sababu alipenda na aliyempenda hayupo tena, kwa maana machozi hayo yanathibitisha kwamba kilichokuwapo kilikuwa na thamani. Kwa hiyo filamu ya msiba, ambayo kwa haraka ingeonekana kuwa salama kuliko ya mapenzi, yumkini ndiyo ngumu zaidi. Inadai kitu kikubwa kuliko busu. Inadai pole.

Binyavanga Wainaina alilijua hili. Mwezi Januari 2014 alichapisha maandishi mafupi ambayo aliyaita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2011. Ndani yake anajitengenezea upya siku za mwisho za mama yake, aliyefariki mwaka 2000 wakati mwana yuko Afrika Kusini, na anamwambia pale kitandani neno ambalo hakupata kumwambia. Yalisomwa duniani kote kama tangazo la mtu kujitambulisha. Ukiyasoma polepole, ni tanzia. Mwandishi alikuwa mfiwa mwenye haki zote za mtoto, jamvi lake lilikuwepo, lakini aliyeketi juu yake hakuwa yeye mzima. Wainaina mwenyewe alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019.

Ikiwa kazi ya namna hii itafanyiwa Kilwa au Lindi, sheria ya nchi haiwezi kurukwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinaweka kwa tendo baina ya wanaume adhabu ya kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inadai kibali kabla ya kupiga picha, na mwombaji hueleza atakachokionyesha. Kifungu cha kwanza kinahusu tendo. Hakina neno juu ya machozi. Mwanasheria wa kinadharia angeweza kusema kwamba filamu ambayo mmoja wa wapenzi ameshakufa tangu picha ya kwanza haionyeshi kosa lolote. Hoja hiyo ni nzuri darasani. Kijijini, anayebaki na matokeo ni mwenye nyumba aliyekodisha ukumbi wake, ni wanawake waliokubali kuketi mkekani kama waombolezaji, ni kijana aliyeshika taa. Timu ya filamu hupanda basi ikarudi Dar es Salaam, ikavuka Daraja la Mkapa ambalo tangu mwaka 2003 limeufanya mto Rufiji uwe jambo la dakika chache, wao hubaki. Watu wa The Nest walilitatua hilo kwa kuzitenga sauti na nyuso. Filamu ya pwani haina budi kutafuta ufumbuzi wake, na haifai kabisa kukopa mazishi ya watu halisi kwa ujanja wa kamera iliyofichwa. Mtu aliyefiwa hakuja kuigiza.

Ufumbuzi mmoja uko katika desturi iliyopo, nao ni utani. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na baada yake wengi wameuhusisha na vita na misafara ya karne ya 19, ile misafara iliyoishia Kilwa Kivinje ikiwa na pembe na watumwa. Katika misiba ya makabila ya kusini mtani ana kazi: huweza kuchimba kaburi, kuzuia shughuli mpaka alipwe, na zaidi ya yote kumwigiza marehemu. Huvaa nguo yake, hutembea mwendo wake, hukohoa kikohozi chake, husema ulevi wake na uchoyo wake mbele ya jamaa waliofura kwa kilio, na jamaa hucheka. Masheikh wengi wa mjini hawaupendi utani makaburini. Hata hivyo haujakoma. Mtani ndiye mtu pekee msibani mwenye ruhusa ya kusema kinachofichwa, na kumkasirikia ni aibu.

Mwongozaji mwenye macho ataona hapa mwigizaji ndani ya msiba, aliyewekwa na desturi yenyewe. Mtani anaweza kumwigiza marehemu akiwa amekaa barazani jioni, anatazama njiani, anasimama, anajitengeneza shuka, anakaa tena kwa kuwa aliyepita si anayengojewa. Watu watacheka, kwa sababu wote walimwona akifanya hivyo kwa miaka. Kisha mmoja mmoja ataacha kucheka, na jicho la kamera litamkuta mtu aliyesimama karibu na mkungu. Hakuna jina lililotajwa. Ni kweli pia kwamba njia hii ina hatari yake. Utani huisha kaburi likifukiwa, na kilichosemwa hakirudiwi; filamu hurudiwa kila inapowashwa. Siri iliyotolewa kwa mzaha mbele ya jamaa arobaini si siri ileile ikitolewa mbele ya dunia, na anayeandika mswada wa filamu lazima aamue ni kiasi gani cha utani kinaweza kubeba mzigo huo bila kuvunjika.

Limebaki suala la lugha ya filamu yenyewe, ambalo kwa wasikilizaji wa somo la Kiswahili huenda ndilo kubwa kuliko yote. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi wala katika kiambishi cha nafsi. Yeye ni yeye. Marehemu ni marehemu, mpenzi ni mpenzi, mwenzangu ni mwenzangu. Mtu anaweza kuomboleza kwa dakika 15 kamili kwa Kiswahili fasaha, akasimulia walivyokutana, walivyogombana, alivyougua na alivyokufa, na msikilizaji asijue kama aliyekufa alikuwa mwanamume au mwanamke. Waandishi wa Kiingereza hutaabika kupata hali hiyo. Kwa Kiswahili hupatikana bure. Kahiu alieleza kwamba jina la filamu yake linatokana na desturi ya wapenzi wa aina hii kutambulishana mbele za watu kwa neno rafiki. Lugha iliwapa mahali pa kujificha, na filamu ikapageuza mahali hapo kuwa jina lake.

Taabu huanza filamu inapotafsiriwa. Filamu huru ya Afrika Mashariki huishi kwa matamasha, na matamasha hutaka maandishi ya Kiingereza au ya Kifaransa chini ya picha. Nafasi yenyewe ni mistari miwili, kila mmoja wa herufi 40 hivi, kwa sekunde chache. Katika nafasi hiyo mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuandika kama aliyekufa ni mwanamume au ni mwanamke, wakati mwingine kabla ya picha kusema. Mwongozaji anaweza kuwa amepanga ukimya wa dakika sita, na mstari mmoja wa tafsiri ukauvunja katika dakika ya kwanza. Watazamaji wa Lindi na watazamaji wa Toronto watakuwa wametazama filamu mbili.

Mfano mfupi unatosha. Mtu ameketi ukutani mwa nyumba ya msiba, jirani anamuuliza ana nini, naye anajibu kwa neno moja la watu wa pwani: "Kanifia." Katika neno hilo mna aliyekufa, mna aliyebaki, na mna kifo kilichotoka kwa mmoja kikamwangukia mwingine. Hamna jinsia na hamna nasaba. Kiingereza hakina chombo cha kulibeba bila kumtaja aliyekufa kwa jinsia yake na kumtupa nje aliyefiwa, au kumrudisha kwa kishazi kirefu kinachosikika kama lawama. Baadhi ya wafasiri wangeandika tu kwamba marehemu amefariki, wakaliacha lile -ni- la katikati, na hilo ndilo kosa kubwa zaidi, kwa kuwa silabi hiyo moja ndiyo filamu nzima. Waongozaji wa filamu ya Kampala waliliacha neno kuchu katika jina la filamu yao bila kulifasiri, na watazamaji wa Berlin wakajifunza. Kwa neno moja katika filamu ya dakika 15, hilo nalo linawezekana: sauti isikike, na chini ya picha pasiandikwe kitu.